Maneno Niliyowaambia Mbuzi Kwanza

Spiriti ina harufu inayopanda puani kwa haraka, na asumini ina harufu inayoteremka taratibu kama usingizi. Kila moja peke yake hainifanyi kitu. Ya kwanza naivuta kutwa nzima, maana nafanya kazi katika duka la abti wangu, kaka yake mama, karibu na soko la mifugo hapa Garissa, tunakouza dawa za mbuzi, ng'ombe na ngamia. Ya pili haifiki sana huku kwetu. Lakini juzi aliingia dukani mama mmoja aliyetoka pwani kuja harusini, kifuani amebandika kikuba, kile kifungu kidogo cha asumini na rehani ambacho wanawake wa huko hujipamba nacho. Mimi nilikuwa nikifuta meza kwa pamba yenye spiriti. Harufu mbili zikakutana, na mkono wangu ukasimama pale pale mezani. Nikawa na miaka kumi tena, katikati ya wanawake wasionijua, katika nyumba ya mawe kisiwani Lamu, koo langu likianza kufunga mlango wake.

Habari hiyo sijawahi kuiandika. Mimi si mwepesi wa kalamu. Shule niliiachia darasa la nane, na sentensi moja naweza kuizunguka kama mtu anayepapasa boma akitafuta mlango. Kusema ndiko kulikonishinda zaidi. Basi nivumilieni, nitakwenda nayo polepole.

Nilizaliwa Ijara. Huko kwetu nyuki hatukuwajua kwa maua wala kwa asali. Tuliwajua kwa maji. Kiangazi kikikaza na miti ikabaki miiba mitupu, nyuki hufuata maji popote yalipo: mdomoni mwa bomba, kwenye vifuniko vya mitungi ya plastiki, hata kwenye ndevu za mbuzi aliyetoka kunywa. Mtu hafungui pipa kabla ya kutega sikio. Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa na msemo wake: ukitaka kuyajua maji yaliko, mfuate nyuki, na ukitaka kumkimbia nyuki, yakimbie maji. Wote pale nyumbani walikuwa wameumwa mara nyingi. Walipaka udongo, wakalaani kidogo, wakaendelea kuchota.

Mimi niliumwa kwenye tangi la shule. Kwanza masikio yakawaka moto, halafu viganja vikawasha, halafu midomo ikawa mizito kama si yangu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Mwalimu akiita majina asubuhi, wenzangu walijibu "nipo", mimi niliinua mkono tu, na siku ambazo hakuinua macho niliandikwa sikuja. Basi nilikwenda nyuma ya madarasa, nikaketi kwenye kivuli cha ukuta, nikangoja jambo lile lipite bila kumsumbua yeyote. Msichana aliyefuata mpira ndiye aliyenikuta, uso umevimba hata macho hayaonekani, nikikoroma kama mzee. Mwalimu alinibeba kwa pikipiki hadi zahanati, na huko nikadungwa sindano, nikarudishiwa pumzi.

Nesi aliyenirudisha alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na jenereta. Alimweleza Hooyo, yaani mama yangu, kwamba nina mzio, kwamba mwili wangu hauwezi kuichukua sumu ya nyuki, na kwamba mara ijayo inaweza kuwa mbaya kuliko hii. Akatupa vichupa vidogo vya kioo, kila kimoja hakizidi kidole changu cha mwisho, na mabomba ya sindano. Akamuuliza Hooyo kama amewahi kushika sindano.

Hooyo alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Sista, mimi nachoma mbuzi kabla wewe hujaolewa."

"Mbuzi unamchoma wapi?"

"Shingo."

"Huyu si mbuzi, mama."

Akamfundisha: paja, upande wa nje, sindano ikiwa wima, hata juu ya nguo kama hakuna nafasi. Akachora mstari mwekundu kwenye bomba kuonyesha dawa iishie wapi. Dada yangu mkubwa, Hodan, naye akaitwa ajifunze. Hodan ndiye aliyenilea mgongoni mwake Hooyo alipokuwa na mifugo, na alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Mbuzi aliyedungwa naye aligeuka kutazama baada ya kazi kwisha.

Kisha nesi akanigeukia mimi. Akasema mama na dada wana kazi ya kudunga, na mimi nina kazi yangu moja tu, kusema. Akanipa maneno ya kukariri: "Nimeumwa na nyuki. Nidungeni sasa hivi au nitakufa." Akataka niyaseme palepale. Nikayasema kifuani mwangu. Akaweka kiganja sikioni, akasema anasikia feni tu.

Hooyo hakulipenda neno kufa kinywani mwa mtoto. Akaomba libadilishwe, niseme nitaugua.

"Ukisema utaugua," nesi akaniambia mimi, si yeye, "watu watamaliza chai kwanza."

Neno likabaki.

Sasa nawaambia siri ambayo hata Hodan aliijua baadaye sana. Maneno yale nilijifunza kwa mbuzi. Jioni nikiwarudisha, nilisimama mbele yao na kuyasema, maana mbuzi hawacheki. Kulikuwa na jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika, mzee wa kundi, aliyenitazama usoni kila mara kama shahidi kortini. Nilimwambia nimeumwa na nyuki. Nilimwambia nitakufa. Alitafuna, akaendelea na yake. Mwanzoni nilinong'ona, halafu nikasema kama mtu anayeazima chumvi, na mwishowe niliweza kusema kwa sauti kamili, alimradi aliye mbele yangu awe na kwato.

Hooyo naye alitafuta mahali pa kuweka dawa isipigwe na jua. Alichukua dhiil, kile chombo cha kusukwa tunachohifadhia maziwa, kimoja kidogo cha zamani ambacho kilikuwa bado kinanuka moshi, akakivika kitambaa kibichi. Dawa ikakaa humo. Nilipokwenda, ilikwenda.

Hodan akaolewa na Twalib, kijana wa Lamu aliyekuwa fundi wa vitanda na milango hapa Garissa. Baadaye akamchukua kwao kisiwani, na huko Hodan akajifungua mtoto wa kike. Ilikuwa lazima Hooyo aende arobaini, siku mzazi anapotolewa nje kwa mara ya kwanza kwa ubani na dua. Nilitaka kwenda naye. Sikusema, lakini nilifua nguo zangu zote na kuzikunja karibu na begi lake, na Hooyo alijua kuzisoma nguo zangu kuliko maneno yangu.

Aliyekataa ni Ayeeyo. Aliuliza kisiwa ni kitu gani hasa. Abti akamweleza kuwa ni ardhi iliyozungukwa na maji pande zote. Ayeeyo akaweka tasbihi yake chini.

"Pipa moja la shule lilitaka kumuua," alisema. "Huko mnampeleka kwenye pipa lisilo na mwisho."

Msicheke. Pale nyumbani hakuna aliyecheka. Hoja ilikuwa nzito. Hooyo alikaa akifikiri nyuki wa maji mengi hivyo watakuwa wangapi, na nilimwona anazitazama nguo zangu zilizokunjwa kama anaziaga. Mwishowe akampigia simu Twalib, akaiweka wazi tusikie wote. Twalib akaomba swali lirudiwe. Kisha, kwa adabu yote, akasema, "Ayeeyo, bahari ni chumvi. Nyuki hanywi maji yale."

Ayeeyo akaiinamia simu. "Chumvi kiasi gani?"

"Hata ngamia wako atayakataa."

Hapo ndipo safari yangu ilipopita. Ngamia akikataa maji, nani tena wa kubisha.

Tulisafiri kwa basi mchana, askari wakikagua vitambulisho kila mara, dhiil ikiwa mapajani mwangu kama mtoto mchanga. Askari mmoja aliuliza kama ni maziwa, Hooyo akamwambia ni dawa ya mbuzi huyu, na akanielekeza mimi. Pale Mokowe, gatini, tulipanda boti ya injini. Niliketi pembeni kabisa na kutega sikio kama nilivyozoea. Nilisikia injini, watu, mawimbi yakipiga ubao. Mlio wa nyuki haukuwepo. Maji yote yale, mapana kuliko malisho yetu, na hakuna hata nyuki mmoja juu yake. Nikatia mkono. Nikaonja kidole, nikatema, nikacheka peke yangu, jambo lililomfanya Hooyo anitazame mara mbili. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa kando ya maji bila hofu. Nilijiona mshindi, na ushindi wenyewe bado ulikuwa mbele.

Nyumba ya kina Twalib ilikuwa ya mawe, yenye ua mdogo katikati, na kwenye kona ya ua palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa. Maji matamu. Niliuona kabla sijamwona Hodan. Hooyo akaitundika dhiil kwenye kigingi mlangoni mwa chumba cha Hodan, akamkumbusha iko wapi, akaniambia nikae mbali na mtungi. Sikuhitaji kuambiwa.

Siku ya arobaini wanawake walijaa. Walikuja na udi, na halua, na vicheko vya watu waliojuana tangu tumboni. Hooyo alikuwa ua wa jirani kwenye sufuria za pilau, kwa sababu alisema hawezi kukaa kama mgeni kwa mwanawe. Hodan alikuwa ndani na mtoto, akingoja kutolewa baada ya sala ya alasiri. Mimi nilijibanza kwenye ukuta ulio mbali kabisa na mtungi, nikiuchunga kama mtu anayechunga fisi.

Bi Zubeda, mama yake Twalib, akaniona. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache matamu. "Mbona wakaa peke yako, mwanangu? Ndoo hapa." Ndoo ya huko ni njoo yetu. Akafungua kitambaa chenye vikuba vilivyosukwa asubuhi ile, asumini nyeupe na vichane vya rehani iliyochanua, akachagua kimoja, akakibana kifuani pangu kwa pini, karibu na mfupa wa shingo. Akasema sasa mimi ni mtu wa nyumba. Sijawahi kunusa kitu kizuri namna ile. Nilisimama bila kupumua sana, nisikichakaze.

Mnaona kosa letu sasa. Miaka yote tulifundishana kuyakimbia maji. Hakuna aliyewahi kuniambia nikimbie maua, kwa maana huko kwetu maua yanapokuja ni mvua zimekuja, na mvua zikija nyuki hutawanyika porini wakatuacha. Nilikuwa nimekaza macho kwenye mtungi, na nyuki alikuwa ndani ya rehani, mdogo, huenda amechoka, nimevalishwa kama heshima.

Aliniuma chini ya mfupa wa shingo. Nilimjua mara moja. Nilimpangusa akaanguka, na masikio yakaanza kuwaka.

Wanawake walikuwa wameanza kumwimbia mtoto, wanapiga makofi, duara limefunga ua mzima. Nikatazama kando. Palikuwa na ngazi, na chini ya ngazi palikuwa na kivuli, mahali pazuri pa kuketi mpaka jambo lipite. Miguu yangu ilishageukia kule. Nawaambia kweli, sikuogopa kufa nusu ya nilivyoogopa wanawake wale wote wageuke wanitazame. Viganja vikawasha. Nikafungua kinywa niseme maneno yangu, na kilichotoka ni pumzi. Hakuna aliyesikia. Nikajaribu tena, ikawa pumzi tena, nyembamba zaidi.

Ndipo nikamwona yule jike mwenye pembe iliyovunjika. Sisemi alikuwepo, nasema nilimwona, akitafuna, akingoja. Na kabla sijajua, kooni pangu, palepale palipokuwa panafunga, ulitoka ule mlio tunaowapigia mbuzi waliokwenda mbali, mlio mrefu unaopanda mwisho, unaovuka bonde.

Makofi yakakatika. Mtu fulani aliangusha kikombe. Nyuso zote zikawa kwangu, na mimi nikiwa katikati ya duara, sijui nilifikaje.

"Nimeumwa na nyuki," nilisema. "Nidungeni sasa hivi au nitakufa."

Bibi mmoja akauliza kasemaje. Bi Zubeda hakuuliza. Neno kufa lilimfikia, naye akageuka kuelekea chumba cha Hodan. Lakini Hodan alishatoka. Kulikuwa na dua ya kumtoa, kulikuwa na chetezo cha ubani kilichokuwa bado hakijawashwa, kulikuwa na kanga mpya ya kumfunika. Alitoka bila hata kimoja, kichwa wazi, akamweka mtoto mikononi mwa mwanamke aliyekuwa karibu, akachomoa dhiil kwenye kigingi. Alivunja shingo ya kichupa kwa kidole gumba. Alivuta dawa hadi mstari mwekundu. Nilimsikia ananong'ona, kama mtu anayesoma sura aliyoizoea, "Paja, upande wa nje, wima." Sindano ilipita juu ya gauni. Niligeuka kutazama baada ya kazi kwisha.

Halafu pamba yenye spiriti, iliyopakwa kwanza paja, kisha mahali palipoumwa, karibu na kikuba kilichokuwa bado kimening'inia. Harufu mbili zikaingia pamoja. Moyo ukanipiga mbio kama punda aliyekata kamba, na taratibu, kidogo kidogo, koo likafungua mlango.

Hooyo akaingia na mwiko wa pilau mkononi, mlio wangu ulimfikia ua wa jirani. Akanitazama, akatazama kichupa kilichovunjika.

"Nani kadunga?"

"Mimi," Hodan akajibu.

"Wapi?"

"Paja."

"Alhamdulillahi. Na nani aliwaambia?"

Hodan akaninyooshea kidevu. Hooyo akakaa chini sakafuni, mwiko bado mkononi, mbele ya wageni wote, akanitazama kama mtu aliyemwona mbuzi wake akisoma.

Twalib alinibeba hadi hospitalini, na daktari akataka nilale huko niangaliwe, maana sumu huweza kurudi. Kesho yake nilirejea kwa miguu yangu. Arobaini ilikuwa haijaisha, walisema, wakaja tena wote kuimaliza. Hodan alikataa kutolewa mara ya pili. Alisema yeye ametolewa kwa sindano na inatosha. Mabibi walicheka mpaka wakafuta machozi, wakasema mtoto wake atakuwa daktari. Bi Zubeda aliniita, na safari hii nilikwenda. Wanawake wakaninyima nafasi ya kujibanza ukutani. Nilikaa katikati, na kila aliyeingia alitaka kuusikia mlio. Niliupiga. Niliupiga tena. Vijana wa mtaa wakaujibu kutoka barabarani.

Nilikumbuka kumletea Ayeeyo chupa ya maji ya bahari. Alionja, akatema, kisha akampelekea ngamia, ambaye aliyanusa na kugeuza shingo. Ayeeyo akatangaza kuwa Twalib ni mtu mkweli. "Lakini angetuambia pia habari ya maua," akaongeza, na tangu siku hiyo msemo wake ukawa na mkia.

Kwa miaka mingi niliamini ushindi wa siku ile ni mlio wangu, na sikukosea sana. Lakini lipo jingine ambalo mtoto hakuliona. Siku ile ya pili, nilipokuwa nimekaa katikati yao nikijisikia malkia, nilijiuliza mbona hakuna harufu ya asumini. Nikadhani maua yamekwisha msimu. Nilishakuwa mtu mzima niliporudi Lamu kwa harusi, nikaona wanawake wale wale wasivyoweza kuvuka kizingiti bila kikuba kifuani, hata bibi asiyeona tena alipapasa akibandika chake. Ndipo nilipoelewa. Walikuja kwenye arobaini bila vikuba vifuani, wote, hata wale wa mitaa ya mbali, ili nikae karibu yao. Na hakuna aliyenitajia.

Basi juzi, pale dukani, yule mama wa pwani aliponiona nimeganda, alidhani nimevutiwa na pambo lake. Akaniuliza kama anipe kimoja, anavyo vingine mkobani.

"Asante, mama," nilimwambia. "Maua ya hivyo sivai. Mimi nikiumwa na nyuki naweza kufa."

Nilisema kwa sauti kamili. Abti akainua kichwa kutoka kwenye maboksi ya nyuma. Yule mama hakuuliza la pili. Akachomoa pini, akakifunga kikuba chake kwenye leso, akakitia mkobani na kuufunga zipu, kisha akaendelea na shughuli yake kana kwamba hakufanya lolote. Mlangoni palikuwa na mbuzi wa mteja, amefungwa akingoja dawa ya minyoo. Alinitazama usoni, akatafuna, akaendelea na yake.